Majani ya Jikoni Yanapoliwa kwa Wingi: Hukumu Yake na Madai ya "Tiba ya Mtume"

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Aliyeotesha ardhini kila namna ya mmea wenye manufaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Siku moja hapa Bujora, baada ya darsa ya alasiri, kijana mmoja alibaki nyuma akaniuliza: "Sheikh, mke wangu ana mimba ya miezi sita. Kliniki wamepima wakasema damu imepungua, wakampa vidonge. Jirani yetu amemwambia vidonge vinachafua tumbo, asage kisamvu kibichi, akamue maji yake, anywe glasi mbili kutwa. Na yule anayepitisha dawa za Kisunna anasema majani yote ni tiba ya Mtume, hayana kipimo, kadiri unavyozidisha ndivyo unavyopona. Je, anywe?"

Nilimwambia aende nyumbani akamzuie kabla ya magharibi, na ufafanuzi ungefuata. Ufafanuzi wenyewe ndio huu. Nimeuandika kwa sababu swali hili, kwa sura moja au nyingine, linarudi misikitini mwetu kila mara. Leo ni kisamvu, kesho ni kotimiri ya kusafisha figo, keshokutwa ni rehani ya kushusha sukari.

Asili ya majani ni uhalali

Tuanze na lile lisilo na ubishi. Katika Suratul Baqara aya ya 29 Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba vyote vilivyomo ardhini ameviumba kwa ajili yetu. Kutokana na aya hii na mfano wake wanavyuoni wa Usuli wakajenga kanuni. Imamu Fakhruddin Ar-Razi (aliyefariki mwaka 606 Hijria) ameieleza vizuri katika Al-Mahsul: vitu vyenye manufaa asili yake ni kuruhusiwa, na vyenye madhara asili yake ni kukatazwa. Msomaji aitazame kanuni hii vyema, kwani ina pande mbili. Wengi wetu tunahifadhi upande wa kwanza na kuusahau wa pili.

Kwa hiyo mchicha, matembele, mgagani, mnavu, mlenda, majani ya maboga, nanaa, rehani, kotimiri, na hata nsansa ambayo ndugu zetu Wasukuma huikausha juani wakaitunza kwa ajili ya kiangazi, yote ni halali. Mboga za majani zimetajwa ndani ya Qur'ani katika aya ya 61 ya Suratul Baqara, pale Bani Israili walipomchosha Nabii Musa (A.S.) kwa kudai mazao ya ardhi badala ya manna na salwa. Lawama pale iliwashukia kwa kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni, mboga yenyewe haikuharamishwa. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) katika mlango wa adabu za kula ndani ya Ihyaa amependekeza mezani pawepo na mboga mbichi. Basi asije mtu akadhani makala haya yanawatisha watu wasile majani. Mtu anayekula ugali na mlenda kila siku yumo katika neema.

Hata hivyo kula ni jambo moja, na kula bila kiasi ni jambo jingine. Katika Suratul A'raf aya ya 31 tumeamrishwa kula na kunywa na kukatazwa kupita kiasi, na aya haikutofautisha baina ya nyama na majani. Vilevile katika Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Anayejaza mafungu yote matatu kwa juisi ya majani hawezi kusema amefuata Sunna kwa kuwa tu kilichomo tumboni ni kibichi.

Maneno ya mafakihi wetu

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika nchi hizi, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza kwamba chenye kudhuru, mfano wa sumu, kioo na jiwe, ni haramu kuliwa. Kisha mafakihi wakaingia katika jambo la ndani zaidi, nalo ndilo linalotuhusu: mmea ambao kidogo chake kina faida na kingi chake kina madhara. Hukumu yake wameifungamanisha na kipimo. Kile kiasi kisichodhuru ni halali, na kile kiasi kinachodhuru ni haramu, ingawa jani ni lile lile na limechumwa katika shina moja.

Mfano wa karibu ni kungumanga, ambayo kina mama wa pwani huikuna kidogo katika pilau na vitumbua. Ikiliwa kwa wingi hulevya na kuvuruga akili. Ibn Hajar Al-Haytami (aliyefariki mwaka 974 Hijria) aliitaja katika Az-Zawajir pamoja na bangi, afyuni na hata zafarani, miongoni mwa vitu visivyo najisi ambavyo kuvila kwa namna ya kulevya ni dhambi kubwa. Wanavyuoni wengine wa madhehebu wakaruhusu kile kidogo cha kungumanga kisichoathiri akili. Angalia, ndugu msomaji, jinsi wazee hawa walivyokuwa wapimaji. Hawakusema "ni kiungo tu", wala hawakusema "ni sumu tu".

Waganga wa Kiislamu walikuwa na mwendo huo huo. Ibn Butlan, tabibu Mkristo wa Baghdad wa karne ya 5 Hijria ambaye Waislamu walimsoma bila kuona haya, alitunga Taqwimu Sihha kwa majedwali: kila chakula kimeandikiwa manufaa yake, madhara yake, na kinachoondoa madhara hayo. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646 Hijria (1248), alikusanya dawa na vyakula zaidi ya elfu moja, akawa anataja kipimo na maonyo ya waliomtangulia. Elimu ya mimea mikononi mwao ilikuwa elimu ya vipimo. Hata hapa kwetu, wazee wa Kisukuma waliojua majani walijua pia idadi yake na siku zake, tukiyaweka kando yale ya ramli na hirizi ambayo sisi hatuyakubali.

Rehani, karafsi na Hadithi za kutungwa

Sasa tuje kwa muuza dawa. Hoja yake ni kwamba Mtume (S.A.W.) ameyasifu majani. Nimemuuliza mmoja wao dalili, akanitajia Hadithi ya rehani. Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.): aliyepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Lakini Hadithi inazungumzia kuinusa na adabu ya kupokea zawadi. Hakuna ndani yake neno moja la kuitafuna wala kuikamua. Wanawake wa pwani wanaovaa rehani pamoja na asumini wameielewa Hadithi hii vizuri kuliko muuza dawa wetu.

Mbaya zaidi ni Hadithi za uongo. Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) katika Al-Manar Al-Munif ametufundisha alama za Hadithi zilizotungwa, na miongoni mwa alama hizo ni kusifu mboga na nafaka kwa sifa zisizolingana na kauli za Mitume: bilinganya kuwa ni dawa ya kila kitu, adesi kuwa imetakaswa na Manabii sabini, na mfano wa hayo. Katika Zadul Ma'ad, kwenye sehemu ya tiba, ametaja Hadithi za kusifu hindiba (jani chungu la kachumbari la Waarabu) akazikataa. Amefika kwenye karafsi, jani la mchuzi linalofanana na kotimiri, akataja riwaya ya kwamba mwenye kuila kisha akalala husalimika na maumivu ya meno, akahukumu kuwa ni batili. Papo hapo akaongeza kwamba karafsi ya bustanini kwa kweli inatengeneza harufu ya kinywa. Huu ndio uadilifu wa wanavyuoni. Faida ya jani ameikubali kwa uzoefu, na uongo juu ya Mtume ameukataa kwa elimu ya isnadi. Hakuchanganya viwili hivyo.

Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 808 Hijria) alikwenda mbali zaidi katika Muqaddima, akasema tiba zilizopokewa kwa Mtume ni katika desturi za Waarabu na si wahyi, kwani yeye alitumwa kufundisha sheria. Wengi hawakukubaliana naye kwa ujumla huo, na mimi ni miongoni mwao, kwa sababu zipo Hadithi sahihi zenye kauli ya yakini. Lakini hata tukiwa pamoja na wanaompinga, bado hatuna Hadithi sahihi inayosema zidisha majani upendavyo.

Kinyume chake, ipo riwaya ya Asmaa bint Umays (R.A.) kwa Tirmidhi na Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) alimuuliza anatumia nini kulainisha tumbo, akasema shubrumu, mmea mkali wenye utomvu. Mtume akaueleza kuwa ni wa moto mno, naye akageukia sanamaki. Wanavyuoni wa Hadithi wamezungumza juu ya isnadi yake, lakini maana yake inaeleweka: mimea haiko sawa kwa ukali, na mkali huachwa kwa mpole. Sanamaki yenyewe, ambayo sasa inauzwa katika pakiti nje ya misikiti, ikinywewa kila siku huharisha mpaka mwili ukapoteza maji na chumvi zake. Nayo ni jani, na ina Hadithi.

Kisamvu kibichi

Turudi kwa yule mama mjamzito. Kisamvu ni mboga yetu, hakuna anayebisha. Lakini jani la muhogo lina kitu kiitwacho linamarini, na mara nyingi kiasi chake katika jani kinazidi kile cha ndani ya mzizi. Jani likiwa zima, linamarini imekaa mahali pake na kimeng'enya chake mahali pake. Likitwangwa, viwili hivi vinakutana na kutoa sumu ya sayanaidi. Sumu hiyo ni nyepesi, hupaa na mvuke.

Hapa ndipo ilipo hekima ya bibi zetu ambao hawakusoma kemia. Walitwanga kwanza kwenye kinu, wakatwanga sawasawa, kisha wakachemsha muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Kutwanga kunaitoa sumu, na kuchemsha kunaifukuza. Ndiyo maana kuchemsha majani mazima bila kutwanga hakutoshi, kwani moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki. Na anayesaga majani mabichi kwa blenda na kuyanywa papo hapo amefanya nusu ya kwanza ya kazi na kuiacha ya pili: ameifungua sumu, kisha akainywa yeye badala ya kuiachia mvuke. Akinywa kidogo huenda asihisi kitu. Akinywa glasi mbili kila siku, na ana mimba, na hali vizuri, huo ni mlango wa kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, moyo kwenda mbio, na zaidi ya hapo. Kisamvu cha mpira nacho ni vivyo hivyo.

Watu wa kanda hii hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa sumu ya muhogo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilipatwa na ugonjwa wa konzo. Watu wazima na watoto waliamka miguu ikiwa imekakamaa, wala haikurudi kama ilivyokuwa. Madaktari waliouchunguza waliuhusisha na mihogo michungu iliyoliwa bila kuandaliwa vya kutosha, katika kipindi ambacho watu walikosa vyakula vya kujenga mwili. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa Kongo tangu mwaka 1938. Kule Tarime ilikuwa mizizi na si majani, na ilikuwa njaa, si mtu kujiamulia. Lakini sumu ni ile ile. Na ipo faida ndani ya habari hiyo: mwili huivunja sayanaidi kwa msaada wa salfa inayopatikana katika vyakula vya protini. Basi aliyezoea kula kisamvu kilichopikwa pamoja na dagaa wa ziwa hili amebahatika kuliko anavyojua.

Ama damu, madini ya chuma yaliyomo katika majani mwili huyachukua kwa shida. Ndimu au chungwa pamoja na mboga iliyopikwa husaidia, na chai ya rangi juu ya chakula huzuia. Vile vidonge vya kliniki vimewekwa kwa kipimo. Kama vinachafua tumbo, aende akamwambie mkunga. Kuna namna ya kuvinywa.

Wengine wanaopaswa kuchunga

Mchicha una oksaleti, ambayo ni chanzo kimojawapo cha mawe ya figo. Aliyewahi kupatwa na mawe hayo asinywe juisi ya mchicha mbichi. Auchemshe na kumwaga maji. Hapa wapishi watanikasirikia, kwa sababu sisi wengine tunasema maji hayo yana vitamini. Yana vitamini, ndiyo, lakini na oksaleti imo humo humo. Mgonjwa ambaye figo zimechoka ana tatizo jingine, potasiamu, na yeye asianze juisi yoyote ya majani bila idhini ya daktari wake. Ni ajabu kwamba hao hao wenye figo ndio wanaoambiwa wanywe kotimiri fungu zima.

Wapo waliowekewa vali za moyo wanaotumia warfarini ili damu isigande. Majani ya kijani yana vitamini K, ambayo inafanya kazi kinyume cha dawa hiyo. Hawa hawaambiwi waache mboga. Wanaambiwa kiasi kiwe kile kile kila wiki, kwa sababu dawa imepimwa juu ya kiasi hicho. Akikaa mwezi mzima bila mboga kisha akaanza kunywa juisi ya majani asubuhi na jioni, damu inaweza kuganda kwenye vali. Na baqdunisi, ile inayoitwa pasli katika maduka ya mjini, ni kiungo kizuri cha supu. Lakini apioli iliyokamuliwa humo iliwahi kutumiwa Ulaya kutoa mimba, na baadhi ya wanawake walikufa kwa kuharibika ini na figo. Majani machache juu ya mchuzi hayana neno. Mjamzito akiikamua ili ainywe, amefika kwenye haramu mbili: kujidhuru na kudhuru kilicho tumboni.

Tahara na harufu

Mafakihi wamezungumza pia juu ya majani yanayooteshwa kwa samadi, na hili linatuhusu sana sisi wa nchi ya ng'ombe. Kwa Mashafi kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Hata hivyo mmea ulioota juu yake si najisi. Kilichoguswa na samadi ndicho kinachooshwa. Kotimiri na nanaa zinazoliwa mbichi katika kachumbari zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, kwa ajili ya tahara na kwa ajili ya homa ya matumbo na kipindupindu.

Ama vitunguu majani, kitunguu saumu na jamaa zao, Hadithi ya Jabir (R.A.) katika Bukhari na Muslim inamtaka mwenye kuvila vibichi ajitenge na msikiti wetu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliletewa mboga zenye harufu hiyo, hakuzila, akawapa Maswahaba wale, akaeleza kwamba yeye ananong'ona na asiyenong'ona nao. Umar (R.A.) akaagiza atakayevila avipike mpaka harufu ife. Imamu Nawawi amenakili kwamba wanavyuoni wamekiunganisha na hivyo kila chenye harufu mbaya. Wavuvi wetu wanaotoka mwaloni moja kwa moja kuja swala ya alfajiri naamini wamenielewa.

Nani wa kuulizwa

Imam akiulizwa "je, jani hili linadhuru?" asione haya kusema sijui. Hukumu ya kwamba chenye kudhuru ni haramu iko kwetu. Kujua kama kinadhuru kuko kwa wataalamu wake. Mashafi wamekubali kauli ya tabibu muadilifu katika kuruhusu tayamamu. Kama kauli yake inatosha kuacha maji katika ibada, vipi isitoshe kuacha glasi ya kisamvu? Amr bin Al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus Salasil alipata janaba usiku wa baridi kali, akatayamamu kwa kuchelea kifo, akatoa hoja kwa aya ya 29 ya Suratun Nisaa inayokataza kujiua, naye Mtume (S.A.W.) akacheka, wala hakumlaumu. Na Abu Daud amepokea kisa cha yule mwenye jeraha la kichwa aliyeambiwa na wenzake hana ruhusa ila aoge. Akaoga, akafa. Mtume aliwakasirikia waliompa jibu hilo, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, akasema dawa ya kutojua ni kuuliza.

Na muuza dawa naye ana fungu lake. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ajitiaye utabibu bila kujulikana kwa utabibu ana dhamana ya anachoharibu, yaani anadaiwa fidia. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mwenye elimu ya kweli hana sababu ya kulikimbia. Mwaka 2011 tuliona maelfu wakisafiri kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe kile. Waislamu walikuwemo katika foleni. Wengi tulinyamaza, na maimamu hatukuwa na udhuru.

Yule kijana alirudi Ijumaa iliyofuata. Mkewe ameacha kisamvu kibichi, mkunga amemwelekeza anywe vidonge baada ya kula, na kile kilichokuwa kimebaki ndani ya ndoo wamekitwanga na kukipika kwa karanga.

Wallahu aalam.